Sura ya 7: Zee kwa Mombasa, Changa kwa Baltimore

Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Marekani haipokei gari ambalo halikuundwa kwa viwango vyake vya usalama mpaka litimize miaka 25. Kati ya 8 na 25 ipo miaka 17 ambayo Nissan Skyline iliyoundwa kwa soko la Japani haina bandari: ni zee mno kwa Mombasa, changa mno kwa Baltimore. Ndugu wawili, mmoja akiwa Likoni na mwingine Columbia Heights, wanaweza kukesha wakilitazama gari lilelile kwenye mnada uleule wa Japani, na kulipokucha wote wawili wakakuta mlango umefungwa, kila mmoja kwa sababu iliyo kinyume na ya mwenzake.

Sura hii inahusu mlango huo na magari yanayongoja nyuma yake. Hoja yangu ni moja. Gari la michezo la Kijapani hupata thamani kwa ushahidi linaoubeba: chuma kilekile lililotoka nacho kiwandani, namba zilezile, karatasi zake na habari za mikono iliyolishika. Mwenye kuutunza ushahidi huo ndiye mwenye mali, hata kama gari lenyewe halijawaka kwa miaka. Nasi watu wa Afrika Mashariki tunao ushahidi mwingi kuliko tunavyodhani.

Sheria iliyoandikwa jirani

Columbia Heights ni mtaa wa mwinuko kaskazini mwa katikati ya Washington. Kwenye Barabara ya 14 utasikia Kihispania cha El Salvador kabla hujasikia Kiingereza. Ukipanda Metro ya laini ya kijani mtaani hapo, utashuka Navy Yard bila kubadilisha treni, na hatua chache mbele yako liko jengo la Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Humo ndimo ilimo NHTSA, idara ya usalama barabarani inayolinda mlango wa miaka 25.

Mlango huo ulitokana na sheria ya Oktoba 1988. Katikati ya miaka ya 1980 dola ilikuwa na nguvu kubwa dhidi ya sarafu za Ulaya. Wamarekani wakawa wananunua Mercedes-Benz hukohuko Ulaya kwa bei nafuu na kuzileta wenyewe, wakiwaruka mawakala. Mawakala wakalalamika, serikali ikatilia shaka usalama wa magari yaliyorekebishwa na watu binafsi, na Bunge likakaza sheria. Tangu hapo, gari lisilofikia viwango vya Marekani huingizwa na waagizaji waliosajiliwa tu, kwa gharama inayomshinda mtu wa kawaida. Likitimiza miaka 25, kuanzia mwezi lilipoundwa, mwenye gari hujaza fomu HS-7, hutia alama kwenye kisanduku cha kwanza na kulichukua gari lake. EPA, idara ya mazingira, ina sharti lake la miaka 21, ambalo gari lililofika 25 limekwisha kulivuka.

Sheria iliyotungwa kwa sababu ya magari ya Ujerumani ikaja kuwabana zaidi wapenzi wa magari ya Japani. Skyline GT-R ya umbo la R32 ilitoka Agosti 1989 na haikuuzwa rasmi Marekani hata siku moja. Vijana wa Marekani waliifahamu kupitia michezo ya video kama Gran Turismo, na wakaingoja mpaka mwaka 2014. GT-R ya umbo la R34 ilitoka Januari 1999, na zilizoundwa ni takriban 11,500. Mlango wake ulianza kufunguka Januari 2024. Miezi miwili baadaye, tarehe 26 Machi, meli ya Dali iligonga daraja la Francis Scott Key huko Baltimore. Njia kuu ya meli haikufunguliwa kikamilifu hadi Juni. Baltimore ni miongoni mwa bandari kubwa za magari Marekani na ndiyo iliyo karibu na Washington, hivyo kuna magari yaliyongoja miaka 25 kisha yakatafutiwa bandari nyingine.

Mnunuzi na aone jambo moja hapa. Sheria inayotaja umri kamili ni sawa na kalenda ya bei iliyotangazwa mapema. Wafanyabiashara walinunua R34 miaka kadhaa kabla ya 2024, wakazihifadhi Japani na kuhesabu miezi. Siku mlango ulipofunguka, faida kubwa ilikuwa imekwisha kuchumwa. Anayetaka kununua kwa bei ya haki aangalie magari ambayo tarehe yake ilishapita zamani na kelele zake zimetulia.

Gari lililothibitishwa kwetu

Datsun 240Z, gari la Nissan, haikuhitaji kungoja. Iliundwa ikilenga soko la Marekani na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1969, ikiwa na injini ya lita 2.4 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, nguvu za farasi 151 na bei ya dola 3,526. Yutaka Katayama, aliyeongoza Nissan nchini Marekani, alikuwa amepigania gari la michezo ambalo mtu wa mshahara wa kawaida angeweza kulinunua na kulipeleka kazini kila siku. Alilipata, na wauzaji wa magari ya michezo ya Uingereza wakaanza kupoteza wateja.

Umbo lake lilisifiwa California, lakini uimara wake ulithibitishwa Afrika Mashariki. Mwaka 1971, Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda mashindano ya magari ya East African Safari na msoma ramani wake Hans Schüller wakiwa katika 240Z. Nafasi ya pili ilichukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia, na Mehta akahamia Kenya. Mwaka 1973 alirudi na 240Z, akiwa na msoma ramani Lofty Drews, wakamaliza wakiwa sare kwa alama na Harry Källström, naye akiendesha Datsun. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Kati ya 1979 na 1982 alishinda tena mara nne mfululizo, zote kwa Datsun.

Gari la Herrmann la 1971 limo katika hazina ya magari ya kihistoria ya Nissan huko Zama, Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni walilifufua hadi likatembea. Mtu wa Columbia Heights anaponunua 240Z leo, sehemu ya anacholipia ni vumbi la Kenya. Matangazo mengi ya mauzo hayalitaji, lakini bila ushindi ule sifa ya gari hili ingebaki ya uzuri tu.

Kulilaza gari Columbia Heights

Nyumba za mtaa huu zimejengwa zikishikana ukuta, nyingi mwanzoni mwa karne ya 20, wakati gari lilikuwa mali ya wachache. Nyuma yake hupita vichochoro, na baadhi zina banda dogo la gari linalofungukia humo. Banda hilo ndilo jambo la kwanza kutafuta, kabla hata ya gari. Pima kwa futi ya chuma. 240Z ina urefu wa mita 4.1, na R34 ni mita 4.6 kwa karibu mita 1.8 za upana. Banda lililojengwa zamani linaweza kuipokea ya kwanza na kuikataa ya pili.

Asiye na banda atahangaika. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Oktoba, mitaa yenye vibao vya usafi hufagiwa kwa siku maalumu, na gari lisiloondolewa hupigwa faini. Majira ya baridi humwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hupenya chini ya gari ikala chuma. Kiangazi joto la Washington huja na unyevu ambao mtu wa Tanga ataufahamu mara moja. Gari lililofunikwa kwa turubai la plastiki huloana kwa ndani, hivyo tumia kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa.

Petroli ya Marekani kwa kawaida huchanganywa na ethanoli, nayo huvuta maji na kulainisha mipira ya zamani. Badilisha mipira yote ya mafuta kwa ile inayostahimili ethanoli kabla hujajaza tangi. Gari likilala zaidi ya mwezi, weka dawa ya kutunza petroli na chaja ndogo ya kulinda betri.

Mamlaka ya magari ya jiji hutoa namba maalumu kwa gari la kihistoria lililotimiza miaka 25, na gari hilo husamehewa ukaguzi wa kawaida. Msamaha huo una sharti: gari liwe la maonyesho, misafara na matembezi ya wapenzi wa magari, lisiwe la kwenda kazini kila siku. Ukiliheshimu, utapata pa kwenda. Jumapili asubuhi, huko Great Falls upande wa Virginia, wenye magari hukusanyika mbele ya mkahawa wa Katie's, na Porsche ya bei ya nyumba huegeshwa kando ya Datsun iliyofufuliwa kwenye uga wa nyumbani. Mazungumzo ya hapo yatakufundisha mengi kuliko tangazo lolote la mauzo.

Kuhusu bima, usikubali ile inayokulipa thamani ya soko ya gari kuukuu, kwa sababu mkadiriaji ataona miaka 30 na kuandika fedha za kununulia baiskeli. Tafuta bima ya thamani ya makubaliano: wewe na kampuni mnaafikiana kiasi kwa picha na karatasi kabla ya ajali, na gari likipotea kabisa inakulipa kiasi hichohicho. Kampuni nyingi za aina hii zitakuuliza gari hulala wapi. Hapo ndipo banda la kichochoroni linapojilipa.

Kutu kwanza, injini baadaye

Mnunuzi mgeni huanza kwa kusikiliza injini. Mzoefu huanza kwa kulala chini. Injini ya 240Z ni ngumu, vipuri vyake vinapatikana, na fundi anayejua kabureta mbili atailinganisha mpaka itulie. Bodi iliyooza ndiyo inayomaliza fedha, kwa sababu kila sentimita ya kukata na kuchomelea ni saa za mtu.

Nenda na tochi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Kwenye 240Z, chunguza chini ya betri ambako asidi hudondoka, sakafu chini ya miguu ya dereva na abiria, mihimili inayopita chini ya sakafu, pembe za nyuma ya milango, na kingo za mlango mkubwa wa buti. Sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna pati na si chuma. Pati kidogo si dhambi, lakini pati kwenye mhimili ni sababu ya kuaga na kuondoka.

Kwa gari linalotoka mnadani Japani, mtu aliyewahi kuagiza Probox au Noah tayari ana elimu ambayo Mmarekani huilipia. Anajua kusoma karatasi ya mnada. Anajua kuwa A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni paneli iliyonyooshwa, S ni kutu, na XX ni paneli iliyobadilishwa. Anajua kuwa herufi R mahali pa alama ina maana gari liligongwa na kutengenezwa. Anajua pia kwa nini Mjapani aliliuza. Baada ya miaka 3 ya kwanza gari la Japani hukaguliwa kila miaka 2, ukaguzi uitwao shaken, na gharama zake pamoja na kodi huwashawishi wengi kubadilisha gari ambalo bado lina uhai mrefu. Na usukani wa kulia haumtishi, ingawa kwenye barabara za Washington itambidi awe mwangalifu mara mbili anapolipita lori.

Kanuni yangu ya ukarabati ni kuondoa kidogo iwezekanavyo. Kiti kilichochakaa kwa heshima kina thamani zaidi kuliko kiti kipya cha mtindo mwingine. Rangi ya kiwandani iliyofifia, ikiwa nzima, isiondolewe kwa tamaa ya kung'aa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walisema, na gereji nyingi zimejaa magari yaliyoumizwa na upya. Kila kipuri unachotoa, hata kilichovunjika, kisafishe, kifunge, kiandike jina na kukiweka. Piga picha kabla ya kufungua na baada ya kufunga. Viwanda vyenyewe vimeanza kusaidia: Toyota inaunda tena baadhi ya vipuri vya Supra na 2000GT, Nissan inafanya hivyo kwa Skyline GT-R, na Mazda ilitangaza mwaka 2017 mpango wa kukarabati Roadster za kizazi cha kwanza. Hata hivyo kipuri kipya cha kiwandani ni ghali, na fundi anayeweza kuokoa cha zamani anastahili ujira mzuri.

Bei hutoka wapi

Wakadiriaji wa Marekani hupanga magari kwa madaraja manne. La kwanza ni gari la mashindano ya urembo, lisilo na doa. La pili ni zuri sana, lakini jicho la mjuzi litaona dosari. La tatu ni zuri, linatembea na lina makovu ya matumizi. La nne linatembea na linahitaji kazi. Watu wengi huliweka gari lao daraja moja juu ya linapostahili, na mnunuzi mwenye tochi hulishusha mbele ya macho yao.

Juu ya hali kuna uhalisi. Kibati kilicho ndani ya boneti la 240Z huonyesha namba ya gari na ya injini, na injini iliyo ndani ikilingana nacho, bei hupanda. Kwenye Skyline, GT-R halisi ya R34 huanza na herufi BNR34. Zipo za kawaida za ER34 zilizovalishwa bodi ya GT-R na kutangazwa kwa bei ya GT-R. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma, kisha ilinganishe na karatasi ya usajili ya Japani na tafsiri yake.

Juu ya uhalisi kuna habari za gari. Januari 2020, 240Z ya 1971 iliyokuwa imetembea takriban maili 21,000 tu iliuzwa kwa dola 310,000 kwenye mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer. Yapo mamia ya 240Z zenye umbo lilelile na injini ileile zisizofika robo ya bei hiyo. Ile ilikuwa karibu kama ilivyotoka kiwandani, na karatasi zake zilithibitisha. Juni 2021, Supra ya 1994 iliyotumika katika filamu ya The Fast and the Furious iliuzwa dola 550,000. Machi 2022, Toyota 2000GT yenye namba ya kwanza kabisa, iliyoandaliwa na timu ya Carroll Shelby kwa mashindano ya 1968, iliuzwa dola 2,535,000. 2000GT zote hazizidi sana 350, kwa hiyo uchache ulikuwa na sehemu yake, lakini ile moja iliwapita dada zake kwa sababu ya ilikokuwa imepita na nani aliiendesha.

Tofauti kati ya gari na gari lingine la aina ileile, basi, hukaa zaidi kwenye faili kuliko kwenye injini. Ukinunua gari lisilo na faili, lianzishe siku hiyohiyo.

Mbachao wetu

Turudi nyumbani. Kenya ina kikomo cha miaka 8. Uganda tangu 2018 inakataa magari ya miaka 15 na zaidi. Tanzania hupokea lakini hutoza zaidi gari linapozeeka. Sababu za sheria hizi ninaziheshimu: hatukutaka kuwa jalala la moshi wa wengine. Matokeo yake ni kwamba magari ya michezo ya zamani ya Kijapani yaliyokwisha kuingia Kenya yana idadi inayopungua tu. Impreza za zama za dereva wa Safari Patrick Njiru, Celica za familia moja na ile aliyoshindia Ian Duncan Safari ya 1994, Lancer Evolution, hata Datsun 120Y ya babu, zikikatwa vipande hazitaletwa nyingine.

Nazo zinakatwa. Injini inahamishiwa gari jingine, namba inafutwa, bampa la asili linatupwa, na mafundi wa Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala wenye mikono ya dhahabu wanalipwa kuharibu kile ambacho wangeweza kulipwa zaidi kukihifadhi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Vijana wetu hutamani R34 ya dola zisizohesabika wakati uani kuna gari ambalo bara hili lenyewe lililipa jina.

Mahali pa kuanzia tunapo. Concours d'Elegance ya Nairobi imefanyika tangu 1970, na majaji wake hukagua mpaka chini ya gari. Safari ya magari ya zamani, iliyoanza 2003, bado inazileta 240Z kwenye njia za Kenya. Kinachokosekana ni rekodi zetu wenyewe. Mafundi waliohudumia Datsun za Mehta na Lancer za dereva mwenzake Joginder Singh sasa ni wazee, na wanachokijua hakijaandikwa. Mwenye simu anaweza kuwarekodi. Mwenye gari anaweza kuhifadhi kadi ya kwanza, risiti, picha za harusi ambamo gari limepambwa maua, na jina la kila fundi aliyeligusa.

Kwa ndugu wa Columbia Heights ninasema vivyo hivyo. Ukienda likizo Nairobi, Moshi au Kampala, usirudi na hadithi peke yake. Uliza gari la mjomba lilinunuliwa wapi, lini, kwa nani. Zipige picha namba zake, uzinakili na kuziweka pamoja na majibu. Soko la Marekani limeshaonyesha kwamba ushahidi wa namna hiyo hulipwa kwa dola. Kwetu utalipa kwa namna kubwa zaidi, kwa kuwa utatuwezesha kuyatunza magari haya tukijua tunachotunza, na mafundi wetu watapata kazi inayolingana na ujuzi wao.